Oili Iliongezeka, Nikaita Baraka

Nilikosea. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizungukia. Nilikosea kwa masikio, halafu nikakosea kwa mdomo, na mkono uliolipa si wangu.

Jina langu liache. Jua tu kwamba mimi ni Mzaramo, mtu wa Masaki. Usishtuke, sisemi ile Masaki ya majumba ya Dar! Nasema Masaki ya kwetu Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, ambako nilichoma mkaa mpaka kifua kikanikataa. Nikahamia karibu na Mlandizi, kwa wakwe zangu, nikanunua boti ya mbao yenye injini ya dizeli ya pistoni moja. Kazi yangu ikawa Mto Ruvu. Asubuhi nawapandisha watu kwenye mashamba ya juu, mchana nawateremsha na bamia zao, mchicha wao na magunia ya mpunga, mpaka pale njia ya magari inapokutana na mto.

Niliyemkosea ni mtani wangu. Nitamwita Maganga, ingawa si jina lake. Ni Mnyamwezi wa kule Tabora ndani, alikuja huku ujanani, akapata kazi ya kuendesha pampu ya kumwagilia kwenye shamba la tajiri mmoja ng'ambo ya mto. Kila siku alipanda boti yangu kwenda kazini.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na wewe unajua utani ulivyo. Anakutukana kabla ya salamu. Anachomoa samaki kwenye kapu lako huku unamtazama. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu. Mama yangu alipofariki, Maganga alijifunga kanga ya marehemu, akainamisha mgongo, akazunguka uani akitafuta kopo la ugoro kama mama alivyokuwa akilitafuta kila jioni. Tulicheka na machozi yanatiririka! Hakuna aliyenifariji siku ile kuliko yule mshenzi.

Sasa sikia ujinga wangu.

Injini za wenzangu pale mtoni zilikuwa zinakula oili. Kila baada ya muda utawaona wameshika kopo, wanaongeza, wanalalamika. Yangu ikawa haili. Nikichomoa kile kijiti cha kupimia, oili iko palepale. Baadaye nikaona iko juu ya palepale. Nikajisemea macho yangu mabovu. Nikafuta kijiti kwa kitambaa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Imepanda!

Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilisema alhamdulillahi.

Wallahi nilijivuna. Nilikaa kwenye kijiwe cha kahawa nikawatangazia wenzangu kwamba injini yangu haili oili, inazaa. Ikizidi sana nafungua skrubu ya chini, naipunguza kwenye dumu, namgawia jirani apake nguzo za banda lake zisiliwe na mchwa. Jirani ananiombea dua. Nyumba tatu pale mtaani zimepakwa ile baraka yangu mpaka leo, nikipita nazitazama nasikia aibu.

Mke wangu ndiye wa kwanza kuuliza. Alikuwa anachagua mchele, hata kichwa hakuinua. "Baba Mwanaidi, kitu kinaongezeka na wewe hujakiongeza, kinatoka wapi?"

"Mambo ya injini hayo, mama. Wewe pika."

"Haya. Lakini hata chungu cha maharage kikijaa chenyewe, ujue mtu kaongeza maji."

Nikacheka, nikavaa kofia yangu nikatoka. Nilikuwa mwingi wa kucheka siku zile.

Wakati huohuo injini ilianza kukosa nguvu. Kuteremka na maji hakuna shida, mto wenyewe unakusukuma. Tatizo lilikuwa kupanda. Boti ikiwa na watu inafika kwenye ile kona yenye mkondo mkali, injini inakohoa, moshi mweupe unatoka, na sisi tumesimama katikati ya mto kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Akina mama wananung'unika. Navuta akseleta mpaka mwisho, inanguruma, haiendi.

Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nikasema ni magugu yamejisokota kwenye propela, nikazama kuyakata, na mamba wa Ruvu siwaoni lakini wao wananiona. Propela safi. Nikasema boti nzito, imelowa, nikaiegesha juu nikaikwangua tumbo lote. Hakuna nafuu. Nikasema dizeli imechanganywa na mafuta ya taa, nikaenda kugombana na kijana wa watu anayeuza kwa madumu, masikini hana hatia. Nikabadilisha filta. Nikanunua nozeli mpya ya kunyunyizia dizeli. Ikaendaenda vizuri kidogo, ikarudi kukohoa.

Oili sikuishuku. Ningeishuku kwa sababu gani? Oili ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimejaa!

Siku moja asubuhi, kabla hatujang'oa nanga, Maganga alikaa karibu na injini kama kawaida yake. Akachomoa kile kijiti bila kuniomba. Mtani haombi. Akakitazama, akasugua oili kwa vidole viwili, akainusa.

"We Mzaramo," akasema kwa sauti ya kusikika boti nzima, "hii oili au chai ya rangi?"

Watu wakacheka.

"Inanuka dizeli hii. Injini yako imelewa! Iko siku utaizima ikatae, itukimbize wote mpaka Bagamoyo. Rudi Masaki ukachome mkaa, mkaa hauna pistoni."

Boti ikaangua kicheko. Sasa mimi mbele za abiria wangu ninyamaze? Nikamjibu: "Mnyamwezi na injini wapi na wapi! Babu zenu wametoka Tabora kwa miguu na mizigo kichwani mpaka pwani. Mngezijua injini mngepanda!"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akadondosha kikapu. Nilijiona nimeshinda. Kwenye utani, mwenye neno la mwisho ndiye mshindi. Maganga naye alicheka, akarudisha kijiti mahali pake, akajifuta vidole kwenye suruali yangu.

Hakuishia hapo. Baada ya siku kadhaa alinikuta peke yangu nachota maji yaliyoingia botini. Akachutama, akasema kwa sauti ya chini, "Mtani, leo sikutanii. Ile pampu ya tajiri iliwahi kuugua hivihivi. Itazame."

Nami nikamwambia, "Watani wote ndivyo mnavyoanza mkitaka kuchukua kitu cha mtu. Sasa unataka jogoo au kuku?"

Alinitazama kidogo, akasimama, akasema, "Jogoo." Akaondoka zake.

Ndugu yangu, hiyo "jogoo" naisikia mpaka leo. Yule mtu alitoka kwenye utani akaja kunifuata kama binadamu, nikamsukuma arudi kulekule. Alinionya mara mbili, mara ya kwanza kwa mzaha na mara ya pili bila mzaha, na masikio yangu yakazisikia zote mbili kuwa mzaha. Ningefanya nini? Ningefanya kile ambacho mtoto angefanya. Ningenusa kidole!

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, mto umejaa kwa mvua za kule Morogoro. Boti ilikuwa na watu wengi kuliko desturi kwa sababu wengine walikuwa na harusi ng'ambo. Kule kwenye kona injini ikakohoa, nikavuta akseleta.

Ikakubali. Ikakubali sana! Mlio ukapanda, ukapanda, ukawa kilio. Moshi wa bluu ukafunika boti mpaka mbele sioni. Nikarudisha akseleta chini, mlio unazidi kupanda. Nikafunga dizeli, nikafunga kabisa bomba la tangi. Injini haina habari na mimi! Nimeinyima mafuta na inakimbia kama imeibiwa. Boti ikageuka ubavu, ikawa inaelekea kwenye ukingo wenye magogo. Akina mama wanalia, mmoja anaita watoto wake kwa majina.

Mimi nilifanya nini? Nilishika kichwa. Niseme ukweli hapa, kwa sababu siku ile niliuficha: mwenye boti alishika kichwa kwa mikono miwili.

Maganga ndiye aliyeruka. Alivua kandambili yake, akaupita mkanda unaozunguka, akaikandamiza kandambili kwenye tundu la injini la kuvutia hewa. Injini ikakosa pumzi. Ikatetemeka, ikapiga mateke, ikaanza kufa. Na katika kule kufa, boti ikagonga gogo, Maganga akayumba, mkono wake wa kulia ukaingia kwenye mkanda.

Sitakueleza nilichokiona. Kelele za injini zilikuwa zimeisha, kwa hiyo zake nilizisikia vizuri.

Tulikuwa tumefika ukingoni. Watu wakashuka majini wakatuvuta. Hakuna aliyekufa, hakuna mwingine aliyeumia. Maganga alilazwa kwenye majani, mkono umefungwa kwa kanga ya mtu. Mwenyekiti wa kitongoji akaja mbio kutoka shambani kwake na jembe mkononi.

"Imekuwaje?" akauliza. Aliniuliza mimi, mwenye boti.

Hapa ndipo penye kosa lenyewe. Yale ya oili ni ujinga, na ujinga unasameheka. Hili sijui.

Niliona watu wote wananitazama. Nikaona boti inafungiwa, nikaona wale akina mama hawapandi tena kwangu, nikajiona narudi Masaki kwenye mkaa. Ulimi ukajitikisa wenyewe.

"Watani hawa, Mwenyekiti," nikasema. "Si unawajua? Kaingiza mkono kwenye injini kunitania."

Ikapita! Jamani, ilivyopita kirahisi! Wengi kwenye ule moshi hawakuona kitu. Walichokijua ni kwamba Maganga haishi kuchokoa injini yangu na kunitukana. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Utani mwingine umezidi," akasema. Na ikaishia hapo, kwa sababu mtani akikuharibia kitu humdai, na akijiumiza kwa kukutania, ni lake.

Maganga alikuwa amelala palepale. Alisikia. Aligeuza uso akanitazama, na sikuona hasira. Nilimwona anasubiri. Nafikiri alikuwa anasubiri nicheke, niseme natania. Sikucheka. Wakamwinua wakampeleka hospitali.

Nilimwita fundi kutoka Mlandizi, mtu asiye na maneno mengi. Alifungua skrubu ya chini ya injini, oili ikamwagika kama maji, ikajaza ndoo, ikaendelea. Akanusa. Akafungua pampu ya dizeli, akatoa kale kachuma kembamba ka ndani, akanionyesha ubavu wake uliolika.

"Dizeli ilitakiwa iende juu kwenye nozeli," akasema. "Hii pampu imechoka, nusu inaenda juu, nusu inavuja kwenye oili. Ndiyo maana ulikosa nguvu, na ndiyo maana oili iliongezeka. Ugonjwa mmoja huo, mzee."

"Na kule kukataa kuzima?"

"Oili ikijaa kupita kiasi injini inaivuta na kuichoma. Haihitaji tena dizeli yako. Utafunga mpaka kesho, inakunywa ya tumboni mwake." Akajifuta mikono. "Kwani kijiti ulikuwa hukinusi?"

Kijiti kilinuswa. Kilinuswa mbele ya watu wazima wenye akili zao, na jibu likatolewa kwa sauti kubwa, na mimi nikalipiku kwa kichekesho.

Hospitali nilikwenda na uji. Njia nzima nilikuwa napanga tusi la kuingia nalo, maana nilijua nikimtukana atanitukana, na tukishatukanana mambo yatakuwa yamekwisha. Nikasimama mlangoni nikasema, "We Mnyamwezi, bado unakula vya serikali tu?"

Akasema, "Karibu, bwana. Ahsante kwa uji."

Bwana! Miaka yote ile hajawahi kuniita bwana.

Vidole viwili vilikatwa, na vilivyobaki havikunjiki. Pampu ya tajiri inawashwa kwa kuzungusha hendeli, na hendeli inataka mkono wa kulia. Lakini hata hilo silo lililomfukuza kazi. Tajiri alisema mtu anayechezea injini za watu kwa utani hawezi kumwachia yake. Maneno yangu yale, yalitoka ukingoni yakatembea yenyewe mpaka ng'ambo.

Nilikaa nayo. Nilikula nayo, nilisali nayo. Nikiinama kusujudu naona kandambili. Mke wangu nilimwambia, naye akasema neno moja tu: "Kaseme."

Nikaenda kusema. Asubuhi, kivukoni, watu wamejaa, Mwenyekiti yupo, Maganga yupo na gunia tupu begani, siku hizi anachuma bamia kwa kibarua. Nikapanda juu ya boti iliyopinduliwa.

"Jamani," nikasema, "nisikilizeni. Siku ile Maganga hakunitania. Injini yangu ilikuwa mbovu, aliniambia nikapuuza. Yeye ndiye aliyewaokoa. Mimi nilishika kichwa. Halafu nikamsingizia."

Mama mmoja akapiga makofi. "Heee! Leo Mzaramo kageuza kibao! Kakupa nini huyo Mnyamwezi?"

Wakacheka. Mwenyekiti akacheka mpaka akajishika mbavu. "Watani bwana! Hawa siku moja watatuua."

"Sitanii!" nikapiga kelele. "Wallahi leo sitanii!"

Ndio wakazidi! Mmoja akaniuliza kama nataka jogoo au kuku. Hakujua anachosema, lakini nilihisi nimechomwa kisu. Nilitoka pale nikaenda mpaka kwa tajiri, naye akatabasamu akasema ninyi watani mnateteana vizuri, hongereni.

Lakini nirudi kidogo pale kivukoni. Katika watu wote wale, mmoja tu hakucheka. Maganga alingoja vicheko viishe. Akasogea, akapandisha gunia lake begani kwa mkono wa kushoto.

"Ahsante, bwana," akasema. "Naomba univushe, nimechelewa."

Nikamvusha.

Ndiyo maana nimeyaleta kwako, wewe usiyenijua kabila kwa sura wala mtani wangu humjui. Kule kwetu ukweli wangu hauna mnunuzi. Nimeutumia utani kufichia uongo, na sasa utani umekataa kunifungulia mlango nitoke.

Wewe mwenye injini, iwe ya boti, ya mashine ya kusaga au ya pampu, nisikilize. Oili ikipungua, sawa, hiyo ni dhiki ya kawaida. Oili ikiongezeka na wewe hujaongeza, zima! Nusa kijiti. Ikinuka dizeli au ikawa nyepesi, usimsafirishe mtoto wa mtu. Na nguvu ikipungua, usikimbilie propela na kugombana na wauza mafuta, anza na hicho kijiti kwanza.

Na wewe mwenye mtani, akikutukana sikiliza ndani ya tusi mna nini. Akisema leo hatanii, keti chini. Usimtanie mtu aliyevua utani wake mlangoni pako.

Maganga anapanda boti yangu mpaka sasa, boti ni hii hii na mto ni huo huo. Kila asubuhi namtukana. Namtukana matusi mazuri, ya zamani, yale aliyokuwa akiyapenda, ya babu zake na mizigo. Abiria wanacheka sana. Yeye anakaa mbele, mbali na injini, anangoja nimalize, halafu ananiambia, "Habari za asubuhi, bwana."